Mwongozo Kamili wa Kuandaa Tamasha la Muziki wa Dunia la Kuchangia Elimu ya Holokosti

Wasomaji walioniandikia baada ya kuandaa tamasha la kuchangia elimu ya Holokosti, yaani mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi wa Ujerumani na washirika wao, hueleza mkwamo ule ule kwa maneno tofauti. Ukumbi ulipata watu, wanamuziki walipiga vizuri, makofi hayakukosekana, lakini hesabu zilipofungwa hapakuwa na fedha ya kumpelekea mwalimu yeyote. Au fedha ilipatikana ikaja pamoja na lawama, kwa sababu wimbo uliotungwa na watu waliokuwa wakingoja kuuawa ulipigwa wageni wakiendelea kula sambusa. Makosa yote mawili yana chanzo kimoja, nacho ni kuanza kazi kwa kutafuta bendi. Mwongozo huu unaanzia upande wa pili: kwanza fedha itafanya nini, pili kila wimbo umetoka wapi, kisha wanamuziki.

Ninazungumzia tamasha la ukumbi wa watu 150 hadi 400. Mifano mingi ni ya Nairobi, Dar es Salaam, Kigali na Uingereza, kwa kuwa huko ndiko wasomaji wangu wengi wanakofanyia kazi hii.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kamati ya watu watano, wakiwemo mweka hazina asiyekuwa mratibu mkuu na mtu mmoja anayefundisha historia.
- Barua ya makubaliano kutoka kwa taasisi itakayopokea fedha.
- Akaunti ya benki au namba ya malipo ya simu iliyofunguliwa kwa ajili ya tamasha hili peke yake.
- Mchanganuo wa bajeti wenye safu tatu: makadirio, ahadi, na fedha iliyokwisha ingia au kutoka.
- Jalada la kadi za nyimbo, nitakaloeleza katika hatua ya nne.
- Ukumbi wenye viti vya kukaa vikitazama jukwaa. Meza za chakula hazifai.
- Fundi mitambo aliyewahi kushughulikia ala zisizo za umeme kama udi, kanuni, klarineti na inanga, kwa sababu ala hizi hupotea kabisa mikononi mwa fundi aliyezoea bendi za dansi.
- Muda wa miezi sita. Kwa miezi minne inawezekana, kwa miwili usijaribu.

## Hatua ya 1: Amua fedha itanunua nini

Maneno "kuchangia elimu" ni mapana mno kuweza kumshawishi mtu afungue pochi. Chagua kitu kimoja kinachohesabika: mafunzo ya siku mbili kwa walimu wa historia, maonyesho ya mabango yatakayozunguka shuleni, au basi la kuwapeleka wanafunzi kwenye kituo cha kumbukumbu.

Afrika Mashariki mahali pa kuwapeleka wanafunzi papo. Kituo cha Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari cha Gisozi, Kigali, kilichofunguliwa mwaka 2004, kina sehemu inayoeleza mauaji ya kimbari ya mahali pengine duniani, Holokosti ikiwemo. Kusini mwa bara kipo kituo cha Cape Town, cha kwanza cha aina yake Afrika, kilichofunguliwa mwaka 1999, na vingine viko Durban na Johannesburg. Kwa wasomaji walioko Ulaya na Marekani ya Kaskazini, taasisi ni nyingi. Chagua iliyo na mpango wa shule unaoendeshwa karibu na mji wako.

Andikiana na taasisi hiyo barua inayotaja mambo manne: fedha ni ya kazi gani, itapokewa kwa akaunti ipi, nani atathibitisha kuwa kazi imefanyika, na jina la taasisi litatumiwa vipi kwenye matangazo.

Tahadhari: usitangaze jina la mpokeaji kabla ya barua kutiwa saini. Taasisi za namna hii hulinda majina yao kwa ukali, na zina sababu.

Umefanikiwa ikiwa: unaweza kusema kwa sentensi moja, yenye tarakimu ndani yake, tiketi moja inafanya nini.

## Hatua ya 2: Chagua tarehe kwa kalenda zaidi ya moja

Tarehe ya kwanza kufikiriwa ni 27 Januari, siku ambayo mwaka 1945 jeshi la Kisovieti liliikomboa kambi ya mauaji ya Wanazi ya Auschwitz-Birkenau. Umoja wa Mataifa uliitangaza kuwa siku ya kimataifa ya kuwakumbuka waliouawa, kwa azimio namba 60/7 la tarehe 1 Novemba 2005. Ni tarehe nzuri, ila siku hiyo ubalozi na ofisi nyingi zina shughuli zao wenyewe. Kwa maoni yangu tamasha likae siku tatu au nne kabla au baada yake, ili wageni unaowataka wasigawanyike.

Tarehe nyingine zenye maana ni 9 Novemba, kumbukumbu ya usiku wa mwaka 1938 ambapo masinagogi yalichomwa kote Ujerumani, na 2 Agosti, siku ya kuwakumbuka Waroma (jamii ya Ulaya ambayo zamani iliitwa "Gypsy"), kwa kuwa usiku wa 2 Agosti 1944 familia za Waroma zilizosalia katika sehemu yao ya Birkenau ziliuawa kwa gesi.

Kisha pitia vizuizi. Kuanzia machweo ya Ijumaa hadi usiku wa Jumamosi, Wayahudi washika dini hawatahudhuria wala hawatapanda jukwaani, na 27 Januari 2029 ni Jumamosi. Kati ya Pasaka ya Kiyahudi na Shavuot, sikukuu inayofuata wiki saba baadaye, wengi wao hujizuia kusikiliza muziki wa jukwaani kwa wiki kadhaa. Siku ya Waisraeli ya kukumbuka Holokosti, Yom HaShoah, huangukia ndani ya kipindi hicho, kwa hiyo muulize rabi au viongozi wa sinagogi kabla ya kuichagua. Rwanda ina wiki ya maombolezo kuanzia 7 Aprili, na katika wiki hiyo tamasha la muziki halifikiriwi. Kwa Waislamu wa Pwani na Ghuba, angalia Ramadhani: mwaka 2029 na 2030 mwisho wa Januari utakuwa ndani ya mfungo.

Umefanikiwa ikiwa: umewauliza watu wa dini tatu na hakuna aliyeguna.

## Hatua ya 3: Tenganisha gharama na mchango

Hapa ndipo matamasha mengi hufa kimyakimya. Kanuni ni moja: gharama za tamasha zibebwe na wadhamini, kwa kadiri inavyowezekana, na tiketi ziende kwenye elimu.

Chukua mfano wa ukumbi wa viti 300 Nairobi, tiketi shilingi 1,500. Tuseme ukumbi ni 70,000, mitambo 55,000, wanamuziki 80,000, vibali na hakimiliki 20,000, uchapishaji na matangazo 25,000, ulinzi na huduma ya kwanza 15,000. Jumla ni 265,000. Ongeza asilimia 10 ya dharura, inakuwa 291,500. Mwandaaji mwenye matumaini huzidisha viti 300 kwa bei, akaona 450,000, akatabasamu. Panga kwa asilimia 60 ya viti: watu 180 wanaleta 270,000, yaani hasara ya 21,500, na mwalimu hajapata hata chaki.

Sasa weka wadhamini wa 120,000 kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa. Gharama iliyobaki ni 171,500, ambayo inalipwa na tiketi 115. Kwa watu wale wale 180, shilingi 98,500 zinakwenda kwenye elimu. Tarakimu hizi ni za kielelezo tu. Badilisha zako, lakini usibadilishe utaratibu.

Weka pia njia ya mtu kuchangia bila kununua tiketi, na utenganishe mafungu hayo mawili tangu mwanzo. Sheria za kodi huyatazama tofauti: Uingereza, kwa mfano, nyongeza ya Gift Aid, ambayo serikali huongeza kwenye michango ya hisani, ya peni 25 kwa kila pauni haipatikani kwa bei ya tiketi, maana mnunuzi amepata kiti.

Tahadhari: ikiwa miezi miwili kabla ya tamasha ahadi za wadhamini hazijafika nusu ya gharama, punguza ukumbi au ahirisha. Kusubiri muujiza wa mlangoni ndiko kunakowafanya waandaaji walipe madeni kwa mishahara yao.

## Hatua ya 4: Tengeneza kadi ya kila wimbo

Hatua hii ndiyo kiini cha kazi, na ndiyo inayorukwa zaidi. Hakuna wimbo unaoingia kwenye programu bila kadi yenye mambo haya: nani aliutunga, lini na wapi, kwa lugha gani, nini kilimpata mtunzi, ulitumiwa na nani na kwa nini, na nani ana haki zake leo.

Nichukue mfano mmoja kikamilifu. *Brundibár* ni opera ya watoto. Muziki ni wa Hans Krása, maneno ni ya Adolf Hoffmeister, na iliandikwa Prague mwaka 1938. Kuanzia Septemba 1943 iliimbwa na watoto waliofungwa katika geto (eneo walimofungiwa Wayahudi) la Terezín, mji wa Kicheki, mara 55 kwa jumla. Juni 1944 Wanazi waliitumia wakati wajumbe wa Msalaba Mwekundu walipotembelea geto hilo, ili waondoke wakiamini kwamba wafungwa wanaishi vizuri. Oktoba mwaka huo Krása aliuawa Auschwitz, na watoto wengi walioimba nao waliuawa. Kuhusu haki: katika nchi zinazolinda kazi kwa miaka 70 baada ya kifo, maneno ya Hoffmeister, aliyefariki mwaka 1973, yanalindwa hadi mwisho wa 2043, na katika Umoja wa Ulaya na Uingereza muziki uliotungwa pamoja na maneno hayo hulindwa hadi tarehe hiyo hiyo.

Kadi hiyo imekwisha kukuamulia mambo matatu. Kwaya ya watoto wa shule inaweza kuimba sehemu ya opera hii, ila mwongozaji wa shughuli lazima aeleze kwanza ule udanganyifu wa mwaka 1944, la sivyo ukumbi utafurahia kile kile ambacho wauaji walitaka ufurahiwe. Ruhusa iombwe mapema. Na walimu wa watoto hao wapewe muda wa kuwaeleza ni nani aliyeimba kabla yao.

Mfano wa pili ni mfupi. Wimbo wa wapiganaji wa msituni wa Kiyahudi, *Zog nit keyn mol*, una maneno ya Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, ya Hirsh Glick, aliyeyaandika katika geto la Vilna (leo Vilnius, Lithuania) mwaka 1943, juu ya melodia ya kaka wawili wa Kisovieti, akina Pokrass, na mmoja wao aliishi hadi 1978. Kwa hiyo usidhani kwamba wimbo wa geto hauna mwenyewe. Vilevile, katika ibada nyingi za kumbukumbu hadhira husimama unapoimbwa, nawe unapaswa kuwaambia wageni mapema, wasibaki wakitazamana.

### Kupanga mafungu ya programu

Ninapendekeza mafungu matatu yasiyolingana kwa urefu, yote yasizidi dakika 90 bila mapumziko.

Fungu la kwanza, na refu kuliko yote, ni muziki wa jamii zilizokuwa hai kabla ya vita: klezma, muziki wa ala wa arusi za Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, nyimbo za Kiladino (lugha ya Wayahudi wenye asili ya Hispania) za Thessaloniki, mji wa Ugiriki ambao mwaka 1943 Wayahudi zaidi ya 40,000 walisafirishwa kutoka humo kwenda Auschwitz-Birkenau, na muziki wa Waroma. Sababu yake ni kwamba hadhira ikiwafahamu watu hawa kama maiti tu, haitajua kilichopotea.

Katika fungu hili pana nafasi ya msanii wa udi au fidla kutoka Zanzibar au Oman akishirikiana na mtu anayeujua muziki wa Wayahudi wa Tunis. Tunisia ilikaliwa na Wajerumani kuanzia Novemba 1942 hadi Mei 1943, maelfu ya Wayahudi wakatiwa katika kazi za kulazimishwa. Na katika Libya, chini ya Waitaliano, zaidi ya Wayahudi 500 walikufa katika kambi ya Giado, wengi kwa homa ya taifasi. Mgeni wako akiuliza mambo haya yanaihusu nini Afrika, jibu la kweli na la karibu ni hilo, na halihitaji kupambwa.

Fungu la pili ni kazi zilizotungwa au kuimbwa ndani ya mageto na kambi. Zisizidi nne. Zikiwa nyingi masikio huchoka, na uchovu huo hufanana sana na kutojali.

Fungu la tatu ni mwitikio wa wageni. Mpiga inanga wa Rwanda anafaa hapa ikiwa mwenyewe amechagua kuja na kipande chake. Usimwombe asimulie yaliyoipata familia yake mwaka 1994 ili kutimiza programu yako, na usiruhusu mtu yeyote aweke idadi za wafu wa nchi mbili kwenye mizani.

Tahadhari nne: Kwanza, muziki wa Richard Wagner, mtunzi wa Kijerumani aliyeandika dhidi ya Wayahudi na aliyependwa na Hitler, usipigwe, hata kama kondakta anakuhakikishia una uzuri gani. Pili, ngoma ya kucheza isifuate mara baada ya fungu la pili. Weka kimya cha dakika moja na maelezo mafupi katikati. Tatu, usiandike popote kwamba muziki "uliwaponya" wafungwa. Baadhi yao waliutafuta kwa siri na ukawatia nguvu, lakini okestra ya wanawake ya Auschwitz, iliyowahi kuongozwa na Alma Rosé, ililazimishwa kupiga marshi langoni wafungwa wakipelekwa kazini na kurudi. Nne, usibadilishe maneno ya wimbo ili yaimbike kwa urahisi. Chapisha tafsiri ya Kiswahili kwenye kijitabu na uache wimbo katika lugha yake.

Umefanikiwa ikiwa: mwalimu wa historia katika kamati amesoma kadi zote na kutia saini kila moja.

## Hatua ya 5: Wanamuziki na mikataba

Walipe wanamuziki. Tamasha la hisani linalowaomba wasanii wapige bure huwapata wasiofanya mazoezi, na kosa halitakuwa lao. Msanii akitaka kuchangia malipo yake, apokee kwanza, atie saini, kisha achangie. Hesabu zitabaki safi.

Mkataba utaje mazoezi mawili ya pamoja, usomaji wa kadi ya wimbo, na ruhusa ya kurekodi. Ruhusa hiyo ya mwisho husahauliwa, halafu shule inaomba video ya kufundishia na hakuna anayeweza kuitoa.

## Hatua ya 6: Vibali

Anza wiki nane kabla. Tanzania utahitaji kuonana na BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kwa kibali cha onyesho na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa maswali ya hakimiliki. Kenya, shughulikia leseni ya muziki, taarifa ya polisi na masharti ya kaunti. Uingereza (England na Wales), ukumbi usio na leseni unaweza kutumia notisi ya tukio la muda, ambayo hupelekwa halmashauri angalau siku 10 za kazi kabla na haizidi watu 499, wafanyakazi wakihesabiwa humo. Waulize wenye ukumbi vibali vipi wanavyo tayari kabla hujalipia chochote mara mbili.

Polisi waambiwe ukweli kuhusu maudhui ya tamasha. Shughuli zinazohusu Wayahudi hupata vitisho, hivyo ukaguzi wa mikoba mlangoni na mlinzi mmoja wa nyuma ya jukwaa viwe ndani ya bajeti.

## Hatua ya 7: Maneno na picha

Maneno yote ya jukwaani, pamoja na hotuba, yasizidi dakika 15, nayo yaandikwe. Mwongozaji hodari wa arusi anaweza kuwa hatari hapa, kwa kuwa silika yake ni kuuchangamsha ukumbi.

Kubalianeni tarakimu na majina mapema: Wayahudi takriban milioni 6 waliuawa na Wanazi na washirika wao, miongoni mwao watoto takriban milioni 1.5. Kambi za mauaji ziitwe za Wanazi wa Ujerumani katika Poland iliyokuwa imekaliwa. Kuziita "kambi za Poland" ni kosa la ukweli, na balozi atakayekuwa mstari wa mbele ataondoka.

Msionyeshe picha za maiti nyuma ya wanamuziki. Watu wale walipigwa picha bila ridhaa na wengine bila nguo. Tumieni picha za familia, barabara, shule na arusi kabla ya vita, zenye ruhusa ya hifadhi iliyozitunza. Igizo la watoto kuvaa nyota ya njano au nguo za mistari liachwe pia. Waelimishaji wa somo hili hulikataa, kwa sababu humpa mtoto dhana kwamba ameyajua mateso hayo kwa kuyaigiza.

Swali kuhusu vita vya leo vya Mashariki ya Kati litaulizwa, hasa na waandishi wa habari. Teueni msemaji mmoja na jibu moja la kweli: fedha hii ni ya kufundisha yaliyotokea kati ya 1933 na 1945, na hii hapa ni barua ya makubaliano. Asiongeze neno.

Tangazo lenyewe liseme wazi jina la mpokeaji, kitu kitakachonunuliwa na muda wa kuanza. Maneno kama "burudani kali" na "usikose raha" yaondolewe kabla hayajafika kwa mchapaji.

## Hatua ya 8: Siku yenyewe

Mitambo iwe imefungwa saa tatu asubuhi kwa tamasha la saa kumi na mbili jioni. Ala laini zijaribiwe kwanza, kwaya baadaye. Kama umeme hukatika katika eneo lako, jenereta iwashwe na kujaribiwa mchana, na ikae mbali, kwa kuwa mngurumo wake huingia katika kila kimya.

Chakula kiuzwe kabla au baada, nje ya ukumbi, na pombe isiuzwe kabisa. Mwanzoni mwongozaji aeleze makofi: katika fungu la kwanza na la tatu yanakaribishwa, katika la pili yasubiri hadi mwisho wa fungu. Hadhira hufuata kwa utulivu ikiambiwa, na hutatizika isipoambiwa.

Watu wawili wahesabu fedha za mlangoni, watie saini karatasi moja, na zipelekwe benki au kwenye namba ya malipo usiku huo huo. Karibu na mlango wa kutokea weka meza ya michango yenye mabango ya somo litakalogharimiwa. Wengi huchangia wakiwa wanatoka.

## Hatua ya 9: Kufunga hesabu

Ndani ya siku 14 lipa madeni yote. Ndani ya siku 30 tuma fedha, na umpelekee kila mdhamini, msanii na mnunuzi wa tiketi ukurasa mmoja unaoonyesha mapato, gharama, kiasi kilichotumwa na nakala ya risiti ya mpokeaji. Kiasi kikiwa kidogo, kitaje kilivyo.

Jalada la kadi za nyimbo, pamoja na rekodi zenye ruhusa, likabidhiwe kwa walimu watakaonufaika, maana ni vielelezo vya somo vilivyokwisha hakikiwa. Baada ya miezi sita mwandikie yule aliyetajwa kwenye barua kuwa atathibitisha kazi, umwombe tarehe ya mafunzo au ziara na idadi ya walioshiriki. Jibu lake litumwe kwa watu wale wale waliopata hesabu. Asipojibu, wadhamini waarifiwe hivyo kabla tamasha la pili halijatangazwa.